Mteja Akibonyeza "Taka": Namna ya Kuletewa Malalamiko ya Barua Pepe Unazotuma

Mwaka mmoja, Sabasaba ilipokwisha, nilichukua bakuli la kadi za biashara lililokaa wiki nzima kwenye meza yetu ya maonyesho pale Barabara ya Kilwa, nikaziingiza anwani zote kwenye orodha ya wateja, nikazitumia barua ya matangazo. Nilijiona mchapakazi. Siku ya tatu barua zetu kwa wateja wa Yahoo zikaanza kuangukia kwenye taka, mpaka risiti za watu waliokwisha kulipa. Hakuna aliyepiga simu kulalamika, kwa sababu walikuwa wameshalalamika kwa njia yao. Walibonyeza kitufe, malalamiko yakafika Yahoo, na mimi sikuwa nimewaachia Yahoo mahali pa kunitumia taarifa.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetuma barua pepe nyingi kidogo kwa jina la kikoa chake, yaani lile jina linalofuata alama ya @: duka, shule, SACCOS, kampuni ya mabasi, gazeti la mtandaoni. Si lazima uwe na seva yako mwenyewe, ila uwe na ruhusa ya kugusa rekodi za DNS (maelezo ya kikoa chako yanayosomwa na mtandao mzima), au uwe na namba ya simu ya mwenye ruhusa hiyo.

Kitufe kikibonyezwa, kinatokea nini?

Msomaji aliye kwenye Gmail, Yahoo au Outlook akiripoti barua yako kuwa taka, mtoa huduma wake anaihamisha, kisha anaandika upande wake kwamba barua yenye sahihi ya kikoa fulani, iliyotoka anwani fulani ya IP (namba ya seva mtandaoni), imelalamikiwa. Hayo yanafanyika utake usitake. Jambo la tatu linakutegemea wewe: ukiwa umejiandikisha, baadhi ya watoa huduma wanakurudishia taarifa, mara nyingi pamoja na nakala ya barua yenyewe. Huo ndio mrejesho wa malalamiko, ambao mafundi wa barua pepe wanaufupisha FBL.

Taarifa hizi zina umbo lake rasmi liitwalo ARF, lililowekwa kwenye waraka RFC 5965 wa Agosti 2010. Tutaifungua moja baadaye.

Usidhani kila alama ya taka hukufikia. Anayesoma barua kwa programu kama Thunderbird na kuweka alama ya taka humo, kwa kawaida anaifundisha programu yake tu. Taarifa nyingi hutoka kwa wanaosoma kwenye tovuti au programu ya simu ya mtoa huduma mwenyewe. Kwa hiyo malalamiko unayoyaona siku zote ni pungufu ya watu uliowakera.

Na jambo jingine, kabla hujaanza kukasirika: wengi wanaobonyeza kitufe hicho hawakuiti tapeli. Wanatafuta mlango wa kutokea. Kiungo cha kujiondoa umekificha chini kabisa kwa herufi ndogo za kijivu, kitufe cha taka kiko juu pale, kikubwa, na hakiulizi nenosiri. Wewe ungebonyeza kipi?

Hatua ya 1: Jua nani hasa anatuma kwa jina lako

Keti na anayesimamia tovuti, mhasibu na mtu wa masoko. Utashangaa. Ankara zinatoka kwenye programu ya uhasibu, matangazo yanatoka kwenye huduma ya kulipia, fomu ya tovuti inatuma kupitia seva ya tovuti, na kuna mtu ana faili la Excel lenye anwani 900 anazozituma kwa BCC kila Ijumaa.

Kila mlango una njia yake ya malalamiko.

Ukitumia huduma ya kutuma kama Mailchimp, malalamiko yanafika kwao na wao wanamwondoa mlalamikaji kwenye orodha yako bila kukuuliza. Kazi yako ni kusoma takwimu na kutozirudisha anwani hizo kwa mlango wa nyuma. Ukitumia Amazon SES, taarifa unaletewa kwa barua pepe au kupitia SNS, huduma yao ya kupeleka taarifa kwenye programu yako, na kumwondoa mtu kwenye orodha yako ni juu yako. Hawa wana mipaka wanayoitaja wazi: malalamiko yakifika 0.1% akaunti inaweza kuwekwa chini ya uangalizi, yakifika 0.5% wanaweza kukusimamisha usitume.

Ukiwa kwenye seva ya kuchangia, ile ya kulipia kwa mwaka pamoja na tovuti, hapo pana ugumu wake. Anwani ya IP si yako, mnaitumia wengi. Malalamiko yanayofuata IP yanakwenda kwa mwenye seva, naye mara nyingi hakuletei taarifa, anakuletea onyo. Mwandikie umuulize mambo mawili: je, mmejiandikisha kupokea malalamiko ya IP hii, na je, yakija ya kikoa changu mtanitumia? Akijibu kwamba haelewi unachouliza, hamisha matangazo yako kwingine, acha barua za kawaida tu hapo.

Wenye seva yao na IP yao, endeleeni na hatua zote.

Hatua ya 2: Sahihi kwanza

SPF, DKIM na DMARC, njia tatu za kuthibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, zimeelezwa sana, sitazirudia. DKIM ndiyo inayoitia barua sahihi ya kikoa. Kwa kazi yetu jambo moja tu ndilo la lazima: sahihi ya DKIM iwe ya kikoa chako, si ya mtoa huduma wako. Fungua barua moja uliyotuma, angalia mistari ya kichwa ambayo msomaji wa kawaida haioni, tafuta mstari wa DKIM-Signature, soma kilichoandikwa baada ya d=. Ukikuta jina la kampuni nyingine na lako halipo, Yahoo hawatakuletea kitu, maana wao wanafuata kikoa kilichotia sahihi. Google nao kwenye takwimu zao za malalamiko wanahesabu barua zenye sahihi ya DKIM peke yake.

Hapohapo tenganisha risiti na matangazo. Risiti zitoke kwa mfano risiti.duka.example, matangazo habari.duka.example, kila kimoja na sahihi yake. (Popote nilipoandika duka.example weka kikoa chako.) Kama ningelifanya hili mapema, bakuli la Sabasaba lisingeziburuza risiti zangu.

Hatua ya 3: Andaa masanduku ya kupokelea

Yawe matatu. La kwanza ni abuse@ la kikoa chako na la pili postmaster@. Majina hayo yamepangwa tangu RFC 2142 ya 1997, na kuna watu na mashine wanaoandika huko bila kukuuliza kama lipo. La tatu ni la mirejesho peke yake, tuseme fbl@, litakalosomwa na programu.

Sanduku la fbl@ lizimie kichujio cha taka. Hapa wengi huteleza. Kila barua inayoingia humo imebeba ndani yake barua iliyoitwa taka. Kichujio kikiona maudhui yale yale kinaitupa, nawe unakaa mwezi mzima ukijisifu kwamba hakuna anayekulalamikia. Zima pia majibu ya kiotomatiki. Yale ya "Asante kwa kuwasiliana nasi, tutakujibu ndani ya saa 24" hayana kazi hapa, yatajibizana na mashine za Yahoo tu.

Usilielekeze sanduku hili kwenye Gmail ya bosi. Utakuwa unaisukumia Gmail barua zilizokwisha kulalamikiwa, kutoka IP yako, kila siku.

Hatua ya 4: Tia alama kila barua inayotoka

Hii ndiyo hatua ninayoiona muhimu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa, kwa sababu faida yake huioni mpaka taarifa ya kwanza iingie. Baadhi ya watoa huduma hufuta anwani ya mlalamikaji kabla ya kukutumia taarifa, kulinda siri yake. Unapata barua, unajua ni ya kampeni ya Jumanne, ila ilitumwa kwa watu 6,000 na hujui umwondoe nani.

Dawa ni kuipa kila barua namba ya mpokeaji mahali ambapo haitafutwa. Mahali pa kwanza ni anwani ya kurudishia, ile ya bahasha:

rudi+k48213-9f2c@habari.duka.example

Hapo k48213 ni namba ya mteja kwenye hifadhidata yako, na 9f2c ni kipande cha muhuri uliokokotolewa kwa ufunguo wa siri. Muhuri una sababu: anwani ya fbl@ ikijulikana, mtu mwenye nia mbaya anaweza kukutumia taarifa za uongo na kukuondolea wateja wote kwenye orodha. Programu yako ikikuta namba isiyolingana na muhuri wake, iiache.

Namba hiyohiyo iweke pia kwenye Message-ID (utambulisho wa kipekee wa kila barua) na kwenye mstari wako mwenyewe wa kichwa. Usiandike anwani ya mteja waziwazi. Itafutwa, na hata isipofutwa si vizuri kuizungusha.

Kisha ongeza mstari wa Google:

Feedback-ID: sabasaba25:matangazo:kadi:dukahabari

Sehemu hutenganishwa kwa nukta mbili, zisizidi nne. Ya mwisho kulia ni ya lazima: ni jina la mtumaji, lenye herufi 5 hadi 15, lisilobadilika kutoka barua hadi barua. Zile tatu za kushoto unazitumia upendavyo. Mimi huweka jina la kampeni, aina ya barua, na mteja alikotoka. Usiweke namba ya mteja humu. Google hawatoi taarifa ya mtu mmoja mmoja. Wanajumlisha, na alama isiyojirudia kwenye barua nyingi haitaonekana kabisa.

Upo pia mstari mpya zaidi, CFBL-Address, uliotangazwa kwa majaribio mwaka 2023 kwenye RFC 9477. Unaandika humo anwani yako ya kupokelea malalamiko, na mtoa huduma anayeufuata anatuma bila wewe kujiandikisha kwake. Kuuweka hakugharimu kitu. Usiutegemee badala ya hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Jiandikishe, mmoja baada ya mwingine

*Yahoo.* Ingia senders.yahooinc.com, fungua akaunti, ongeza kikoa chako kilichotia sahihi ya DKIM, thibitisha kwamba ni chako, andika anwani ya fbl@. Barua za AOL zimekuwa zikishughulikiwa na Yahoo, kwa hiyo huenda umewapata wote wawili. Ukiwa na vikoa viwili vya sahihi, vile vya risiti na habari, sajili vyote.

Kwa wengi wetu Yahoo ndiyo inayofundisha zaidi, maana bado kuna watu wazima wengi wenye anwani za yahoo.com walizofungua enzi za intaneti kafe, na taarifa zao zinakuja moja moja, zimejaa.

*Microsoft.* Hawa wanafuata IP, si kikoa. Kuna milango miwili kwenye tovuti moja: SNDS inayokuonyesha hali ya IP zako, na JMRP inayokuletea malalamiko ya watumiaji wa outlook.com, hotmail.com, live.com na msn.com. Lazima uthibitishe kwamba IP ni yako, na uthibitisho unatumwa kwa anwani zinazohusishwa na IP hiyo. Huku kwetu IP nyingi zimesajiliwa AFRINIC, shirika linalogawa anwani za IP Afrika, kwa jina la kampuni ya intaneti au ya kituo cha data, kwa hiyo barua ya uthibitisho inaweza kuwaangukia wao. Wapigie kabla hujaomba, wajue wanachosubiri, wakuelekezee. Ukiiomba kimyakimya itakaa kwenye sanduku ambalo hakuna alifunguaye.

*Google.* Gmail haitakuletea barua ya malalamiko hata moja. Ndivyo ilivyo, usipoteze wiki ukitafuta fomu. Wana Postmaster Tools kwenye postmaster.google.com. Unaongeza kikoa, unaweka rekodi ya TXT wanayokupa, unasubiri. Utaona asilimia ya watu walioripoti taka kwa kila siku, na kama barua zako ni nyingi vya kutosha, zile alama za Feedback-ID zilizolalamikiwa zaidi. Mwenye kutuma barua 50 kwa siku ataona ukurasa mtupu, na si kosa lake.

*Wengine.* Kampuni iitwayo Validity inasimamia mirejesho ya watoa huduma kadhaa wadogo, wakiwemo wa Marekani. Kama wateja wako wako Dar, Mombasa na Bujumbura, huna haja. Kama unawaandikia ndugu wa ughaibuni kuhusu nauli na mizigo, itazame.

Hatua ya 6: Fungua taarifa ya kwanza

Barua ya ARF ina vipande vitatu. Cha kwanza ni maelezo mafupi kwa binadamu. Cha tatu ni barua yako mwenyewe, nzima au vichwa vyake tu. Cha kati ndicho cha mashine, na hufanana na hiki:

Feedback-Type: abuse
User-Agent: Mfano-FBL/1.0
Version: 1
Original-Mail-From: <rudi+k48213-9f2c@habari.duka.example>
Arrival-Date: Tue, 8 Jul 2025 09:14:02 +0300
Source-IP: 192.0.2.10
Reported-Domain: duka.example

Mistari mitatu ya juu ni ya lazima, mingine hutegemea anayetuma. Feedback-Type ikiwa abuse, mtu amesema taka. Kuna fraud kwa utapeli, virus, not-spam pale mtu alipoitoa barua kwenye taka, na other. Ukipata fraud nyingi ghafla acha kila kitu ukague seva: huenda nenosiri la mfanyakazi limeibwa na mtu anatuma barua za benki bandia kwa jina lenu. Mara nyingi sanduku hili ndilo la kwanza kukuambia umevamiwa.

Programu ya kusoma si kubwa. Maktaba ya email iliyomo ndani ya Python inafungua vipande hivi bila kuongeza kitu. Iangalie kwanza kama taarifa imetoka kweli kwa mtoa huduma unayemjua, kwa kupima DKIM yake, kisha ichukue Original-Mail-From, ikikosa namba itafute kwenye kipande cha tatu, ipime muhuri, iandike kwenye jedwali namba ya mteja, kampeni, mtoa huduma na saa. Kwa taarifa tano kwa wiki unaweza kufanya kwa mkono, ila ukiondoka likizo usilaumu mtu.

Usichanganye taarifa hizi na ripoti za DMARC zinazokuja zimebanwa kwenye faili za XML. Zile zinasema nani ametuma kwa jina lako na kama sahihi imepita. Hazisemi kitu kuhusu msomaji kuchoka.

Hatua ya 7: Mwondoe, usimtafute

Mteja aliyelalamika anaondolewa kwenye matangazo siku hiyohiyo, na namba yake inaingia orodha ya wasioandikiwa, ambayo ni tofauti na kufutwa. Ukimfuta tu, mwezi ujao mtu wa masoko atapakia lile faili la zamani la Excel na mteja atafufuka.

Huku kwetu tuna jaribu moja ambalo miongozo ya Wazungu hailigusi: tuna namba za simu za wateja wote. Nimemwona mtu akipiga, "Dada samahani, mbona umeturipoti?" Dada hakujua kwamba kubonyeza kwake kunaonekana. Akaona anafuatiliwa. Usipige, usimtumie WhatsApp, usimtumie hata barua ya kumwomba radhi. Mtu ameomba ukimya; mpe.

Swali gumu ni mtu anayelalamikia risiti. Amelipa tiketi, ameletewa tiketi, ameiita taka. Mimi humtoa kwenye matangazo yote na kumwachia risiti za vitu anavyonunua mwenyewe, kisha naangalia kama ile risiti ilikuwa na tangazo limebandikwa chini yake. Karibu mara zote nalikuta.

Sheria nayo ipo upande wake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina yake ya 2019, na zote zinampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zitumike kumtangazia biashara.

Hatua ya 8: Hesabu kwa kila mtoa huduma

Umetuma barua 40,000, umepata malalamiko 12. Ukigawa unapata 0.03%, unalala usingizi. Lakini yote 12 yametoka Yahoo, na Yahoo uliwatumia barua 3,000. Hiyo ni 0.4%, na Yahoo hawajali ulituma ngapi kwingine.

Mpaka wa kuukumbuka ni 0.3%. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wameutaja wazi kwa wanaotuma kwa wingi. Kwa Google wingi ni barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail. Google wanashauri ukae chini ya 0.1%, na ukivuka 0.3% huwezi kuomba msaada wao mpaka uwe umeshuka chini yake kwa siku 7 mfululizo. Microsoft nao wakaanza masharti yao kwa watumaji wa ukubwa huo tarehe 5 Mei 2025.

Sasa mtego. Asilimia ya Gmail hupigwa juu ya barua zilizoingia kwenye kikasha cha watu wanaotumia akaunti zao. Barua zako zikianza kuangukia taka zenyewe, hakuna anayeziona, hakuna anayelalamika, na mstari kwenye grafu unashuka vizuri kabisa. Ukiona malalamiko yamepungua, tazama na waliofungua au kununua. Vikishuka vyote pamoja, hujapona.

Ukishakuwa na jedwali, lipange kwa chanzo cha mteja, si kwa kampeni. Mimi nilipofanya hivyo, watu wa kadi za maonyesho walijaa juu. Chini yao kidogo kulikuwa na kundi ambalo sikulitarajia: wateja walioandikishwa dukani, kaunta. Fomu yetu ilidai barua pepe, mteja akasema hana, karani akabuni. Jina la mteja, namba mbili tatu, yahoo.com. Ila anwani za kubuni hivyo mara nyingi zina mwenyewe, na huyo mwenyewe alikuwa anapata ankara za magodoro ya mtu asiyemjua. Tukaifanya sehemu ile isiwe ya lazima, na anayetoa barua pepe kaunta akawa anatumiwa barua moja ya kuthibitisha. Asipothibitisha haandikiwi tena.

Hatua ya 9: Fungua mlango wa kutokea

Kila barua ya matangazo ibebe mistari hii miwili, kama RFC 8058 ya 2017 inavyotaka:

List-Unsubscribe: <https://habari.duka.example/toka/k48213-9f2c>
List-Unsubscribe-Post: List-Unsubscribe=One-Click

Ikiwepo, Gmail na Yahoo wanaweza kuonyesha kitufe cha kujiondoa juu, karibu na jina lako, na aliyekuwa anaelekea kwenye taka anapata pa kupitia. Mistari yote miwili iwe ndani ya sahihi ya DKIM. Seva yako imwondoe mtu inapopokea ombi la POST tu (lile linalotumwa kitufe kikibonyezwa), si anwani ikifunguliwa kawaida. Kuna mashine za usalama maofisini zinazofungua kila kiungo kukagua virusi, na zitakuondolea idara nzima kwa asubuhi moja. Ombi litekelezwe ndani ya siku mbili. Usimwombe mtu aingie kwenye akaunti, wala usimuulize "una uhakika?".

Jaribu mwenyewe

Fungua anwani ya Yahoo na ya Outlook.com, ziandikishe kwenye orodha yako kama mteja yeyote, tuma kampeni ndogo, kisha ingia kwa simu ubonyeze taka. Andika saa. Taarifa ikiingia fbl@, fuatilia mpaka uone namba yako imeingia kwenye orodha ya wasioandikiwa, na tuma kampeni nyingine uhakikishe haikufikii.

Isipokuja hadi kesho yake, anza na d= kwenye barua ile: je, ni kikoa ulichokisajili Yahoo, au ni cha mtoa huduma wako? Kwa Microsoft angalia IP iliyotuma kweli, maana seva nyingi zina IP zaidi ya moja na unaweza kuwa umesajili ile nyingine. Kisha tazama kumbukumbu za seva kama kuna kitu kilikataliwa mlangoni kikielekea fbl@. Mara mbili nimemkuta mhalifu ni kichujio cha taka, kile kile tulichokizima hatua ya tatu, alichokiwasha mtu mwingine baada ya sasisho.